Abdulwahid Sykes, Katibu wa Makuli



Mwulize mwanafunzi yeyote hapa Rohero ni nani aliyeongoza Tanganyika kupata uhuru, atakujibu Mwalimu Nyerere kabla hujamaliza swali. Mwulize ni nani aliyekalia kile kiti kabla ya Nyerere, atanyamaza. Mimi pia ningenyamaza hadi mwaka jana. Nilikuwa natafuta habari za jumuiya za Kiislamu za Afrika Mashariki kwa ajili ya kazi ya darasani, nikakutana na Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, na nyuma ya jumuiya hiyo nikakuta ukoo mmoja, ukoo wa Sykes. Kwanza nilicheka. Sykes niliyemjua mimi ni Dully, yule mwanamuziki wa bongo fleva ambaye nyimbo zake zinapigwa kwenye daladala na kwenye arusi za Buyenzi. Kumbe ni ukoo huo huo.

Wahariri waliponiomba niandike maisha ya Mwislamu mmoja wa ukanda wetu aliyekwisha tangulia, sikutafuta mwingine. Wengine wameandika na wataandika habari za masheikh. Mimi nataka kuandika habari za karani aliyekuwa katibu wa chama cha wapakua mizigo.

Jina Sykes si la Kiarabu wala la Kiswahili, na lina kisa chake. Babu yake Abdulwahid aliitwa Sykes Mbuwane, Mzulu kutoka Msumbiji. Mwaka 1889 Wajerumani walikuwa wameshindwa kuishika pwani, kwa sababu Abushiri bin Salim na watu wa Pangani walikuwa wamewainukia. Ndipo Hermann von Wissmann akakusanya askari wa kukodi, Wasudani kutoka Misri na Wazulu kutoka Msumbiji, Mbuwane akiwa mmoja wao. Abushiri alikamatwa na kunyongwa Pangani mwezi wa Disemba mwaka huo huo. Hapa nilisimama kidogo niliposoma. Mtu aliyeletwa na meli kuwapiga Waislamu wa pwani ndiye aliyezaa ukoo ambao kizazi kilichofuata kilijenga shule ya Waislamu. Subhanallah. Sisi wa Usumbura tusishangae sana, maana mji wetu ulianza kama boma la Wajerumani hao hao, na katika wazee wa kwanza wa mitaa ya Waswahili walikuwamo askari na wapagazi waliofika na safari zao.

Mbuwane hakuishi kuuona uzee. Alizama mtoni akirudi kutoka vita vya Uhehe dhidi ya Mtwa Mkwawa, akamwacha mtoto mchanga aliyezaliwa Pangani mwaka 1894. Mtoto huyo alipewa jina la Kijerumani, Kleist, na jina la Kiislamu, Abdallah. Akalelewa na Affande Plantan, mkubwa wa wale askari wa Kizulu, pamoja na watoto wa nyumba ile.

Ya Kleist ni mengi, na ningeweza kumwandikia makala yake peke yake. Alisoma shule ya Wajerumani, akapigana Vita Kuu ya Kwanza upande wao chini ya von Lettow-Vorbeck, na Waingereza walipoichukua nchi akaingia reli kama karani. Mwaka 1924 alipita Dar es Salaam Dokta Kwegyir Aggrey, msomi kutoka Gold Coast, akiwa na tume iliyokuwa ikikagua elimu ya Waafrika. Kleist alionana naye, na wazo la Waafrika kuwa na umoja wao likamkaa kichwani. Mwaka 1929 ikaundwa African Association, Cecil Matola akiwa rais na Kleist akiwa katibu. Mwaka 1933 ikaundwa Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, Mzee bin Sudi rais, na katibu ni nani? Kleist tena. Mtu mmoja alikuwa na kalamu mbili, moja ya Waafrika wote na moja ya Waislamu, na wala hakuona kwamba mkono wa kulia unaiba kazi ya mkono wa kushoto. Jumuiya ile ilijenga shule ambamo watoto walisoma Qur'ani na masomo ya serikali chini ya paa moja. Katika shule hiyo ndimo alimosoma mwanawe wa kwanza.

Mwana huyo ndiye Abdulwahid, aliyezaliwa mwaka 1924, mwaka ule ule wa safari ya Aggrey. Walimfuata wadogo zake, Ally na Abbas. Walikulia Dar es Salaam katika nyumba ambayo mikutano ilikuwa haikatiki sebuleni. Vita vya Pili vilipokuja, Abdulwahid na Ally wakaingia King's African Rifles na kupelekwa Burma kupigana na Wajapani. Abdulwahid alikuwa bado kijana. Baba yake alipigana chini ya Mjerumani dhidi ya Mwingereza, yeye akapigana chini ya Mwingereza, na babu yao alikuwa amemtangulia wote kwa kupigana vita visivyokuwa vyake. Vizazi vitatu vya mkopo. Aliporudi hakutaka tena kuwa askari wa mtu.

Sasa tuingie bandarini, kwa sababu hapo ndipo palipo kiini cha habari hii.

Bandari ya Dar es Salaam ya miaka ile haikuwa hii ya leo. Gati za maji marefu zilikuja kufunguliwa katikati ya miaka ya 1950. Kabla ya hapo meli kubwa zilitia nanga katikati ya maji, mizigo ikateremshwa kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi ufukweni, na kutoka hapo kila gunia lilipanda juu ya bega la mtu. Mtu huyo aliitwa kuli. Wengi wa makuli walikuwa vibarua wa kutwa. Alfajiri walisimama langoni wakisubiri kuchaguliwa. Meli ikiwapo, unapata siku yako. Meli isipokuwapo, unarudi nyumbani mikono mitupu, na kodi ya chumba haijui kama leo meli ilikuja au haikuja. Ukiumia, siku yako imeisha na hakuna anayekudai wala unayemdai.

Na ndani ya magunia hayo kulikuwa na vyetu. Jambo hili hatufundishwi. Mwaka 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji sehemu yao bandarini Dar es Salaam na nyingine Kigoma, kwa kodi ya faranka moja tu kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite bila vikwazo. Watu waliiita Belbase. Kahawa ya Burundi ilivuka ziwa hadi Kigoma, ikapanda reli siku kadhaa, ikafika kwenye bega la kuli wa Dar es Salaam. Nguo na saruji zikarudi kwa njia hiyo hiyo. Babu yangu mzaa mama alikuwa kuli hapa, bandari ya Usumbura, miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Nilipomweleza habari za Belbase hakushangaa hata kidogo. Alisema kwao lilikuwa jambo la kawaida kujua kwamba mzigo walioupakia ungepakuliwa na wenzao Kigoma na tena Dar es Salaam. Ni sisi wasomi ndio tusiojua.

Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943. Mgomo mkubwa ulikuja Septemba 1947. Vita vilikuwa vimekwisha lakini bei za chakula na nguo zilikuwa hazijui kwamba vita vimekwisha. Makuli walipoweka mizigo chini, mgomo haukubaki bandarini. Ulipanda reli, ukaenda mji kwa mji kuelekea bara, wafanyakazi wa kila aina wakajiunga. Kwa mara ya kwanza serikali ya kikoloni ikaona kwamba mtu aliyedharauliwa kuliko wote mjini anaweza kuifunga nchi. Mishahara ikapandishwa, na makuli, ambao sasa walikuwa wameonja nguvu yao, wakaunda chama chao cha wafanyakazi.

Chama kilihitaji katibu, mtu wa kuandika barua kwa Kiingereza, kusoma sheria, na kukaa mezani na Mzungu bila kutetemeka. Mwaka 1948 wakamchukua Abdulwahid Sykes.

Nataka msomaji apime jambo hili. Kleist alikuwa mtu wa hali yake, mwenye nyumba na biashara, na jina lake lilijulikana Dar es Salaam nzima. Mwanawe angeweza kuvaa tai yake, kukaa ofisini, na kuwaona makuli kwa mbali kama wengine walivyowaona. Wasomi wachache wa wakati ule walikuwa na chama chao cha heshima, walikutana, walikunywa chai, waliandika maombi kwa serikali kwa lugha nzuri. Nadhani, na haya ni maoni yangu, kwamba bandari ndiyo iliyomfundisha Abdulwahid kile ambacho sebule ya baba yake haikuweza kumfundisha, kwamba ombi lililoandikwa vizuri bila watu elfu nyuma yake ni karatasi tu.

Hakukaa muda mrefu katika kiti hicho. Mwaka 1950 ugomvi ulipuka tena bandarini, safari hii kukawa na vurugu, watu wakafungwa na chama kikavunjwa kwa amri ya mahakama. Makuli wakabaki bila chama kwa miaka. Vyama vya wafanyakazi viliposimama tena imara ilikuwa 1955, lilipoundwa shirikisho lao chini ya Rashidi Kawawa, Mwislamu mwingine ambaye angestahili makala.

Baba yake alikuwa amefariki mwezi wa Mei 1949. Mwaka uliofuata, Abdulwahid akiwa na miaka 26 hivi, yeye na Dokta Vedasto Kyaruzi wakaishika African Association, ambayo sasa iliitwa TAA. Kyaruzi rais, Abdulwahid katibu. Kiti cha baba kikarudi kwa mwana. Lakini chama alichokishika hakikuwa tena cha chai. Waliunda kamati ndogo ya siasa, wakamwandikia Gavana Twining mapendekezo ya katiba. Ndani ya kamati hiyo alikuwamo Sheikh Hassan bin Amir, mwanachuoni mkubwa, pamoja na Hamza Mwapachu na Said Chaurembo, na walikuwamo Wakristo, Kyaruzi mwenyewe, John Rupia na Stephen Mhando. Ninawataja kwa majina kwa sababu nimesikia ndugu zetu wengine wakiisimulia historia hii kama kwamba Waislamu walipigania uhuru peke yao kisha wakaporwa. Kwamba mchango wao umesahauliwa katika masimulizi mengi, hilo ni kweli na linauma. Kwamba walikuwa peke yao, hilo si kweli, na Abdulwahid mwenyewe asingelitaka lisemwe. Mtu haheshimiwi kwa kuwafuta wenzake.

Serikali ilijua kupambana na watu wa namna hii bila risasi. Kyaruzi alikuwa daktari wa serikali, basi akahamishwa. Mwapachu alikuwa mtumishi wa serikali, akapelekwa Ukerewe, kisiwani ndani ya Ziwa Viktoria. Abdulwahid akabaki Dar es Salaam na mzigo wa wote, akikaimu urais.

Oktoba 1952 akarudi kutoka Edinburgh mwalimu mmoja, akaanza kufundisha Pugu. Kasella Bantu akampeleka nyumbani kwa Abdulwahid kuwajulisha. Mwalimu huyo ni Julius Nyerere, mtu wa bara, Mkatoliki, asiyekuwa na ukoo wala mtaa Dar es Salaam. Aprili 1953, katika ukumbi wa Arnautoglo, TAA ilifanya uchaguzi. Nyerere akawa rais, Abdulwahid akawa makamu wake.

Hapa wasimulizi wanagawanyika. Wako wanaosema Abdulwahid alishindwa kwa kura, na wako wanaosema alimwachia kwa makusudi baada ya kushauriana na wenzake. Mimi nimesoma hoja za pande zote mbili na nimechoka kuzipima, kwa sababu naona jambo kubwa liko kwingine. Tuseme alishindwa. Ni mtu aliyezaliwa ndani ya chama hicho, baba yake alikuwa katibu wake wa kwanza, na nyumba ya mikutano yenyewe ilijengwa kwa jasho la baba yake na wenzake. Aliyemshinda ana miezi sita tu tangu ashuke kwenye meli. Je, alifanya nini siku ya pili? Hakujitoa, wala hakuunda chama cha upande. Alikubali umakamu. Nyerere alipotoka Pugu mwisho wa wiki alifikia nyumbani kwa Abdulwahid. Na mwaka 1955, alipolazimika kuchagua kati ya ualimu na siasa akaacha ualimu na mshahara wake, ilikuwa katika nyumba hiyo hiyo alikopokewa. Mkewe Abdulwahid, Bi Mwamvua binti Mashado, ndiye aliyewapikia wageni wote wale. Vitabu humtaja kwa mstari mmoja. Nikihesabu sahani, naona alistahili sura nzima.

Nimeshuhudia wanafunzi wenzangu, Waislamu wema wanaosali safu moja, wakiacha kusalimiana muhula mzima kwa sababu ya nafasi ya mweka hazina. Ndiyo maana nimekaa sana juu ya siku hiyo ya pili.

Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa, watu 17 wakiwa chumbani. Kadi namba 1 ikawa ya Nyerere, namba 2 ya Ally Sykes, namba 3 ya Abdulwahid. Ndugu hawa wawili walitia fedha zao mfukoni mwa chama kilipokuwa hakina kitu. Miaka saba baadaye nchi ikawa huru. Na sisi tulinufaika pia, kwa sababu Mwanamfalme Louis Rwagasore, ambaye barabara yetu kubwa hapa mjini ina jina lake, alikuwa na urafiki na Nyerere na TANU, na hapa nyumbani Waswahili wa Buyenzi walikuwa kati ya watu wake wa mwanzo na wa karibu zaidi.

Baada ya uhuru Abdulwahid hakuwa waziri. Kazi yake iliyojulikana zaidi ni ya soko, kwani alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo, tangu enzi za mkoloni, na wakulima na wachuuzi walimjua kuliko wanasiasa. Kuna wanaoliona jambo hili kama dhuluma, mtu wa kadi namba 3 kuishia kuhesabu mafungu ya mchicha. Sina uhakika kama yeye aliliona hivyo. Soko na bandari ni ndugu, vyote ni mahali ambapo mtu wa chini anapambana na siku yake.

Alifariki tarehe 12 Oktoba 1968. Alikuwa hajatimiza miaka 44. Allah amrehemu na amsamehe. Ally aliishi hadi 2013, Abbas akawa balozi. Mwana wa Abdulwahid aliyebeba jina la babu, Kleist, alikuja kuwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam. Mtaa wa Kipata walikoishi siku hizi unaitwa Mtaa wa Kleist Sykes, kwa jina la yule mzee wa kalamu mbili.

Nimeeleza kwamba sikuwa nikimjua. Nimejua kwa njia gani basi? Kleist, kabla ya kufa, aliketi akaandika maisha yake mwenyewe. Karatasi zile zilibaki katika familia. Miaka karibu ishirini baadaye Daisy, binti yake Abdulwahid, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, umri wetu huu, na mwalimu wake wa historia, John Iliffe, akawapa wanafunzi kazi ya kuandika maisha ya Watanzania. Wenzake walitafuta watu wa kuandika. Yeye alikwenda nyumbani, akachukua karatasi za babu. Insha yake ilichapishwa mwaka 1973 katika kitabu cha mwalimu huyo. Kisha Mohamed Said akatoa kitabu kizima cha maisha ya Abdulwahid mwaka 1998, kilichochapishwa London, na baadaye kikapatikana kwa Kiswahili. Bila zile karatasi na ile kazi ya darasani, mimi ningekuwa bado namjua Dully peke yake.

Babu yangu hakuandika chochote. Ana zaidi ya miaka 85, macho yamepungua, lakini bado anajua gunia la kahawa lina kilo 60 na anajua bega lipi lilikuwa la kazi na lipi la kupumzikia. Wiki mbili zilizopita nilikwenda Buyenzi na daftari. Nilimwomba majina ya makuli wenzake wa kundi moja. Walikuwa ishirini na mbili. Alinipa majina ya tisa, mengine ya ubini, mengine ya utani tu, kisha akasema amechoka, nirudi Jumamosi baada ya Alasiri.